Ndago za Stesheni ya Nyamwilolo

Huku Shinyanga mtu akiitwa mwizi anaweza kujitetea, na akiitwa mchawi atapata japo shangazi mmoja wa kumtetea. Lakini mtu mzima akionekana asubuhi na debe la maji mkononi, anazimwagilia ndago, huyo hana wakili. Ndago ni majani ambayo mkulima huyalaani kabla hajanawa uso. Unazing'oa Jumatatu, Alhamisi zimerudi na ndugu zao. Shamba lenye ndago ni shamba la mvivu, na anayemtupia mwenzake ndago shambani hana tofauti na aliyemtupia ugonjwa.

Maganga alizimwagilia hadharani, mbele ya abiria wa gari moshi, tena huku akipiga mluzi.

Alikuwa Msumbwa wa Runzewe, mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo wa kujisifu. Kwenye karatasi za reli aliandikwa Nassibu Maganga. Hilo la Nassibu alilipata siku alipomwoa Mwamvua, binti wa fundi cherehani wa mjini Shinyanga, kwa sababu baba mkwe alisema wazi kwamba binti yake haendi kwa mtu asiyejua kuelekea kibla. Maganga akajifunza kwa wiki moja. Kila kitu alijifunza kwa wiki moja, kwa maneno yake mwenyewe, na mkewe hakuacha kuongeza kwamba wiki ya pili alikuwa anasahau.

Mwaka 1947 aliingia gengi la reli, kazi ya kubeba mataruma, yale mapande ya chuma yanayolaliwa na reli, na kuyapanga njiani. Miaka minne baadaye taruma moja liliwaponyoka wenzake likamwangukia mguu wa kushoto. Mguu ulipona, lakini ulipona upande, na mtu wa mguu wa hivyo gengi halimtaki. Wangemrudisha kwao siku ile ile. Bahati yake, katika stesheni ndogo ya Nyamwilolo, kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza, mtu wa pampu alikuwa ametoroka kufuata dhahabu Geita, na gari moshi halijui kungoja maji. Maganga akawekwa pale kuwa kibarua wa muda. Muda wenyewe ukawa miaka miwili.

Kazi yake ilikuwa kuwasha moto wa pampu alfajiri, kuvuta maji kutoka lamboni mpaka kwenye tangi la juu, kisha kufungua bomba kubwa gari moshi lifikapo, nalo linywe. Bomba hilo lilikuwa bovu tangu lilipofungwa. Hata likikazwa vipi, lilidondosha tone moja moja, usiku na mchana, na yale matone yalifuata mfereji mdogo kandokando ya platifomu yakapotelea kwenye udongo mweusi wa mbuga.

Hapo chini ya bomba ndipo palipokuwa na shina moja la majani. Maganga alikuwa ameketi juu ya debe akiuguza mguu wake, mwezi wa tisa, wakati ambapo Nyamwilolo yote inakuwa na rangi ya ngozi ya punda. Nyasi zimekuwa vumbi, miti imebaki miiba, na lile shina moja liko pale kijani kibichi, limejaa, majani yake membamba yameinama pande zote sawasawa. Alilichuma jani akalizungusha kwenye vidole akasikia pembe tatu. Ndago, alisema moyoni. Lakini alipochimbua pembeni hakukuta zile kokwa nyeusi ambazo ndago huzificha ardhini na kuzitumia kusambaa. Ilikuwa mizizi mitupu, mingi, iliyoshikana kama nywele. Ndago hii haikutembea. Ilikaa pale ilipozaliwa ikanenepa.

Wenyeji hawakuwa na jina lake. Kwao kila chenye pembe tatu ni ndago, basi. Maganga akaiita ndago tulivu. Alilipasua shina kwa panga, akapata vipande vitano, akavipanda mfereji mzima kwa mstari, na vitatu vikafa. Alikuwa amevifukia mno, shingo na yote. Mara ya pili alivipanda shingo ikiwa sawa na uso wa ardhi, akapunguza majani yabaki shubiri moja ili mizizi isichoke kuyanywesha, na vyote vikashika. Akajaribu kutia jivu la pampu, majani yakageuka manjano. Akatia samadi iliyooza, yakarudi. Akagundua kwamba hazitaki kufyekwa kila mwaka kama nyasi nyingine, maana hazifi kiangazi wala masika. Zinataka kuchanwa tu kwa vidole, ule ukavu wa ndani utoke, kama unavyomchana mtoto wa kike kabla ya kumsuka. Kufikia mwaka 1953 alikuwa na mashina arobaini, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na bwana stesheni mwenyewe, Eustace, kijana wa Bukoba aliyesoma na mwenye viatu vya kung'aa, alianza kusimama pale jioni na kikombe chake cha kahawa bila kujua kwa nini anapapenda.

Abiria walicheka. Wachimbaji waliokuwa wakienda Geita, na wengine wakirudi na mifuko mitupu, walitoa vichwa madirishani wakauliza kama mavuno ya ndago mwaka huu ni mazuri. Maganga aliwajibu kwamba dhahabu yao inachimbwa mara moja ikaisha, na yake inachipua. Wanakijiji hawakucheka. Wao walimhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Walisema taruma lile halikuishia mguuni.

Mwamvua hakumhurumia wala hakumcheka. Aliona aibu, na aliinyamazia. Kwao mjini uwanja hufagiwa alfajiri na magharibi mpaka udongo ung'ae. Jani moja likiota mlangoni linang'olewa kabla ya chai, kwa sababu ya nyoka, na kwa sababu nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ya marehemu. Alimpenda mume wake. Alipenda hata kujisifu kwake. Lakini kila alipopita kwenye mstari ule wa ndago alitazama upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya ndugu yake aliyelewa.

Katikati ya mwezi wa nane ikaja barua. Eustace aliwaita Maganga na mkewe ofisini akawasomea. Mkaguzi wa njia atapita Jumamosi kuangalia stesheni zote, usafi wake na bustani zake. Na kuhusu kibarua Nassibu Maganga, asiyefaa kwa gengi, mkaguzi ataamua siku hiyo hiyo: ama aandikwe kazi ya kudumu, ya pampu na bustani, ama alipwe siku zake aondoke.

Eustace akakunja barua. Alisema yeye ameandika maneno mazuri, ila mkaguzi haamini maneno, anaamini macho. Maganga akasema ndiyo vizuri, kwa sababu macho yatakuwa na cha kuona. Akatoka akipiga mluzi. Mwamvua alibaki amesimama. Aliyaona macho ya huyo mkaguzi, Mzungu, yakifika kwenye mstari wa ndago. Alijiona yeye, na mtoto wao Zamoyoni, na mguu ule uliopona upande, wote watatu kwenye njia ya Runzewe na mzigo kichwani.

Alhamisi mkanda wa pampu ulikatika. Tangi lilikuwa na maji ya siku mbili tu, basi Maganga akapanda gari moshi la asubuhi kwenda Shinyanga kutafuta mkanda mwingine, akalala huko kwa mkwewe. Kabla ya kuondoka alizichana ndago zake zote arobaini, moja baada ya nyingine, na akamwambia mkewe asiwe na wasiwasi.

Usilolijua ni usiku wa giza. Gari moshi lilipopotea tu, Mwamvua alijifunga khanga ya pili akaenda kwa Lushinge.

Lushinge alikuwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana, na chini yake ilikuwa elika, kile kikundi cha kazi ambacho kila kijiji cha Kisukuma kinacho. Mtu akizidiwa na shamba huiita elika. Wanakuja arobaini, hamsini, na majembe na ngoma, wanalima kwa mstari mmoja wakiimba, na kazi ya mwezi inakwisha adhuhuri. Hawalipwi. Aliyewaita huchinja, wakala pamoja, na asiyechinja hatasahaulika mpaka wajukuu. Mwamvua alimweleza Lushinge kwamba mume wake amezidiwa na ndago, kwamba Mzungu anakuja, na kwamba yeye ana beberu aliyepewa na baba yake mzazi siku Zamoyoni alipozaliwa. Lushinge alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kijiji kizima kilikuwa kinangoja miaka miwili mtu aseme maneno hayo.

Ijumaa saa tisa alasiri Maganga aliteremka kwenye gari moshi, mkanda mpya umevikwa begani kama nishani. Mguu wake mzuri ulikanyaga platifomu, na ule wa upande ukabaki hewani.

Mfereji ulikuwa mtupu. Kutoka kwenye bomba mpaka penye kibao cha jina la stesheni, udongo mweusi ulikuwa umelimwa, ukalainishwa, ukafagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana. Mawe ya chokaa yalikuwa yamepangwa vizuri yakizunguka ardhi tupu. Chini ya kivuli cha ghala walikaa watu hamsini, wanaume kwa wanawake, majembe yamelazwa, ngoma imelazwa, na harufu ya nyama ya mbuzi ilikuwa imeshika hewa. Pembeni ya ghala, upande wa reli, ndago zake zilirundikwa zikingoja kiberiti.

Mwamvua alikuja mbio akitabasamu, jasho bado linamtiririka. Lushinge akasimama akamwamkia, "Mwadila, Baba Zamoyoni," na watu wote wakaitikia kwa makofi, maana ni desturi mwenye shamba akishafika elika ipigiwe makofi, naye ashukuru.

Maganga hakuitikia. Aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake, nani aliyewaita.

"Mama Zamoyoni," alisema Lushinge kwa heshima. "Una mke, ndugu yangu. Amechinja beberu wake kwa ajili yako."

Ndipo Mwamvua alipomtazama mumewe usoni, na tabasamu lake likazimika. Hakujua amekosa nini. Alijua tu kwamba amekosa, na kwamba watu hamsini wanamtazama.

Maganga naye alimwona. Hasira ilikuwa imemjaa, na angefungua mdomo wakati ule angesema neno ambalo ndoa haiwezi kulimeza. Eustace alikuwa mlangoni mwa ofisi, hana kikombe, akingoja kuona nyumba ya mtu ikivunjika. Maganga alikwenda mpaka kwenye lile rundo, akainama, akachukua shina moja akalipima uzito. Mizizi ilikuwa bado na unyevunyevu. Zilikuwa zimelala kivulini upande wa ghala tangu asubuhi, na jua lilikuwa halijazifika sawasawa.

Akageuka na uso mwingine kabisa.

"Wabeja," alishukuru. "Wabeja sana. Mke wangu amewaita kama tulivyopanga, na mmeng'oa vizuri. Sasa kazi imefika nusu."

Watu wakatazamana. Lushinge akauliza nusu gani. Maganga akasema, kuzirudisha. Hapo pakatokea mnong'ono mbaya. Mwanamke mmoja mzee alisimama akakung'uta khanga yake, tayari kwenda zake. Lushinge aliongea taratibu, kama anavyoongeleshwa mgonjwa: elika inang'oa ndago, haipandi. Kupanda ndago kwenye ardhi ya mtu ni kumlaani, na yeye hawezi kuwaamrisha watoto wa watu kumlaani mtu aliyewalisha nyama.

"Ni ndago?" Maganga aliuliza. "Ndago ina kokwa. Nani hapa hajui kokwa ya ndago? Baiskeli yangu ile pale, imeegemezwa kwenye ghala. Vunjavunjeni mashina haya, pekueni mizizi yake yote. Atakayeniletea kokwa moja, moja tu, aondoke na baiskeli."

Baiskeli mwaka 1953 haikuwa kitu cha kutajwa ovyo. Watu hamsini waliliangukia lile rundo. Walipasua mashina kwa majembe na kwa mikono, wakayatenganisha vipande, wakakung'uta udongo, wakatazama kila unywele wa mzizi juani. Bibi yule aliyetaka kuondoka ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Maganga alipita kati yao akihimiza wavunje zaidi, wasiache shina zima, na anayedhani amemaliza agawanye tena mara mbili, maana kokwa hujificha. Huku panga lake linapunguza majani, shubiri moja, shubiri moja, bila mtu kumwuliza kwa nini. Eustace mlangoni alianza kuelewa, akashika mdomo wake.

Ilipita kama saa moja. Kokwa haikuonekana. Bibi mzee alitupa kipande chake cha mwisho akatangaza, kwa uchungu wa mtu aliyekosa baiskeli, kwamba haya majani si ndago.

Mashina arobaini yalikuwa yamekuwa vipande mia mbili na zaidi, vimekatwa, vimesafishwa, tayari kwa kupandwa. Kazi ambayo Maganga peke yake angeifanya kwa wiki tatu.

"Basi kama si ndago," alisema, "si laana. Ngoma ipigwe."

Lushinge alivitazama vile vipande, akamtazama Maganga. Kisha akaanza kucheka, tumbo likacheka kwanza na mdomo ukafuata, akampa ishara mpiga ngoma. Elika ikajipanga. Maganga akafunga mkanda mpya, akawasha pampu, wanawake wakapanga foleni na madebe. Walipanda platifomu nzima, pande zote mbili za mfereji, kutoka kwenye bomba mpaka kupita kibao cha stesheni, mahali ambapo yeye hakuwahi kuota kufika. Maganga alichechemea nyuma ya mstari akipiga kelele shingo isifukiwe, shingo isifukiwe, mpaka vijana wakaifanya kiitikio cha wimbo. Jua lilipogusa miiba walikuwa wamemaliza.

Mwamvua alibeba maji pamoja na wengine. Juu ya jambo lile hakusema neno, wala mumewe hakumwambia neno, si siku ile wala siku zilizofuata.

Jumamosi mkaguzi akaja. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye kofia ya jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha reli, kifupi, cha kuamrisha. Aliangalia choo, akaangalia taa, akapita kidole juu ya meza ya Eustace. Halafu akasimama mbele ya mistari miwili mirefu ya vishungi vya kijani, kila kimoja shubiri moja, vilivyosimama kama nywele za mtu aliyeshtuka.

"Hii nini?"

Eustace alieleza kwamba yalikuwa mashina arobaini, na sasa yote yamegawanywa. Mkaguzi akasema stesheni nyingine zina waridi. Alikotoka jana ameona waridi za rangi tatu. Hii ni nyasi, na reli haiandiki mtu kazi kwa ajili ya nyasi. Akafungua daftari lake.

Mwamvua alikuwa nyuma ya ghala, amemshika Zamoyoni mkono, na alisikia kila neno.

Maganga alivua kofia. Aliogopa, nisikufiche, lakini mdomo wake ulikuwa ule ule. Alimwambia mkaguzi kwamba waridi ni maua ya mwezi wa nane. Bwana aandike chochote apendacho, ila arudi mwishoni mwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Akikuta stesheni moja tu kati ya Tabora na Mwanza yenye kijani kuliko hii, yeye Maganga hatangoja kufukuzwa. Atapanda gari moshi lile lile aondoke.

Mkaguzi hakuzoea kuwekewa tarehe na kibarua. Alimtazama usoni, akatazama mguu, akatazama tena usoni. Aliandika mstari mmoja akafunga daftari. Eustace alisoma kwa pembeni: uamuzi mwezi wa kumi.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa cha kukumbukwa. Lambo lilishuka mpaka matope yakapasuka vipande vya ukubwa wa sahani. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi ikaja amri kwamba maji yote ya stesheni ni ya gari moshi, na atakayekutwa anamwagilia maua atakatwa mshahara. Waridi za rangi tatu zikawa kuni. Njia nzima, kila bustani ikabaki mawe ya chokaa yakizunguka vumbi.

Maganga alitii amri. Hakumwaga hata kikombe. Lakini bomba bovu liliendelea kudondosha, kwa kuwa hakuna amri inayozuia bomba bovu, na udongo mweusi wa mfereji ulikuwa umeshiba tangu mwezi wa nane, na mizizi ile yenye kushikana ilikuwa imeshuka chini kuyafuata maji. Vile vishungi vilikuwa vimenenepa vikagusana. Kulikuwa na mito miwili ya kijani, platifomu nzima, iliyoinama na kuinuka na kila upepo. Wachimbaji wa Geita waliacha kucheka. Waliteremka, wakachuchumaa, wakaweka mikono ndani ya yale majani, wakakaa hivyo mpaka filimbi ilipopigwa. Watu wa kijiji, wakipita na wageni wao, walionyesha kwa kidevu wakasema, elika yetu ndiyo iliyopanda.

Gari moshi la mkaguzi lilisimama kunywa maji siku ya Jumanne, mchana. Alishuka peke yake. Alitembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho wake, akarudi kwa upande wa pili, polepole, kofia mkononi. Maganga alimfuata hatua tatu nyuma. Eustace alikuwa na kalamu tayari. Mwamvua safari hii hakujificha; alisimama karibu na bomba, mikono ameifungia ndani ya khanga.

Mkaguzi alimwambia Eustace aandike: Nassibu Maganga, kazi ya kudumu, pampu na bustani, Nyamwilolo. Kisha akamgeukia Maganga. Mwezi wa nane majani haya yalikuwa madogo, alisema, na mengi mno. Mtu mmoja mwenye mguu mbovu hawezi. Alitaka kujua ni nani aliyepanga kuyagawanya yote kwa wakati ule, kabla ya kiangazi kukaza, kwa kuwa yangebaki mashina arobaini ya zamani, leo angeona kipande kidogo cha kijani na asingeteremka.

Hapo ndipo wote waliomjua Maganga wangetegemea kusikia hotuba. Eustace aliinua hata kalamu kuipisha.

"Mke wangu," alisema Maganga. "Mimi nilikuwa safarini."

Mwamvua aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Alisema, kwa Kiswahili chake safi cha mjini, kwamba Bwana asidanganywe. Yeye hakupanga kugawanya kitu. Aliita watu wazing'oe, kwa kuwa aliogopa zikionekana mume wake atafukuzwa. Alitaka zichomwe moto. Alisema yote bila kupunguza, huku Eustace akimfanyia ishara ya kunyamaza kwa nyusi.

Mkaguzi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Hakufuta alichoandikisha. Alimpa Mwamvua mkono, jambo ambalo hakulifanya hata kwa Eustace, akapanda behewa lake.

Gari moshi lilikuwa bado linakunywa. Maganga alikwenda akashika gurudumu la bomba, na mkewe akamfuata.

"Siku ile ulikasirika," Mwamvua alisema.

"Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilitaka nirudi ndani ya gari moshi niende nalo popote linakokwenda."

"Miezi miwili hukuniambia neno. Kila siku nilikuwa naamka nasema, leo atasema."

"Ulikuwa umechinja mbuzi wa baba yako kwa ajili yangu," alisema Maganga. "Hakuna mtu aliyewahi kunichinjia hata kuku. Ningesema nini?"

Mwamvua alilia pale pale, mbele ya dereva na abiria, na hakujifuta. Maganga alimwacha alie, akamkingia jua kwa bega lake. Dereva akapiga filimbi kuwa ameshiba, na Maganga akafunga maji.